SOMO LA MWEZI: TUFUNIKE UDONGO, TUSIFUNIKE SHINA

Wengi wamekuwa wakiniuliza habari za miti ya uwanja wa kanisa, nami nimewajibu mmoja mmoja njiani mpaka nimechoka kurudia. Ndiyo maana wazee wa kanisa wameniomba niandike somo zima juu ya jambo hilo: namna ya kufunika udongo chini ya miti tuliyopanda nyumbani ili isife wakati wa jua. Watu wa kilimo huita kazi hii kuweka matandazo. Matandazo ni nyasi, majani, mabua ya mahindi, maganda ya maharage, au kitu chochote kilichokuwa mmea, ambacho tunakitandaza juu ya udongo bila kukichimbia ndani.

Naandika kama mtu aliyeharibu kabla ya kujifunza. Katika chuo cha Biblia nilifundishwa Kigiriki kidogo na namna ya kutayarisha mahubiri. Jembe nilidhani nalijua tayari, kwa sababu nilizaliwa na mama mkulima kule Rutshuru. Kumbe Rutshuru na Nakivale ni mbalimbali. Kule udongo ni mweusi, wa volkano, na mvua haikawii kurudi. Hapa Isingiro tuna mvua mbili, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Desemba, na hata hizo mara nyingine zinachelewa au zinakatika mapema. Katikati yake jua linakausha udongo mpaka unapasuka, hasa Juni, Julai na Agosti.

Nilifika hapa mwaka 2008, pamoja na wengi waliokimbia vita ya mwaka ule. Mwaka 2012 nilipata miche mitano ya mparachichi, hii ambayo sisi wa Kivu tunaiita avoka, nikaipanda kando ya nyumba. Nilikuwa nimeona mashamba ya matoke ya majirani zetu Wanyankole, jinsi yanavyofunikwa nyasi nene ardhi yote isionekane, na migomba imesimama imara hata wakati wa kiangazi. Nikasema, nami nitafanya hivyo. Nikakata nyasi magunia kadhaa, nikazirundika kuzunguka kila mche, zikapanda juu ya shina mpaka magotini kwangu. Kila mche ulionekana kama umevikwa sketi. Nilifurahi. Wageni walipofika niliwaonyesha.

Mwezi wa nane mche wa kwanza ulinyauka. Nikaongeza maji. Wa pili ukafuata, nao nikauongezea maji na nyasi juu. Kufikia kiangazi cha pili minne ilikuwa imekufa, nami nilikuwa nimeshaanza kusema kwamba ardhi ya hapa haitaki avoka. Mzee mmoja Munyankole, anayelima matoke upande wa pili wa barabara, alipita akaniona nikiung'oa mche wa nne. Hakusema neno. Alipiga goti, akaondoa nyasi kwa mikono, akachukua kisu changu na kukwangua gome kidogo pale shina linapoingia ardhini. Gome lilitoka lenyewe, laini, jeusi, lenye harufu ya kuoza. Upande wa pili wa shina mchwa walikuwa wamejenga njia yao ya udongo chini ya giza la nyasi zangu, wakala gome kuzunguka pande zote. Juu ya mstari ule nyasi zilipoishia, shina lilikuwa zima.

Na ule mche wa tano? Huo ulipona kwa sababu ya mbuzi wa jirani. Alikuwa akija kila asubuhi kula matandazo yangu, akiyavuta na kuyatawanya, nami nikimfukuza kwa mawe na kumlalamikia mwenyewe. Mbuzi yule alikuwa ameondoa nyasi kwenye shina na kuziacha zimesambaa mbali. Leo mti huo ni mkubwa, watoto wanaupanda.

KOSA LILIKUWA WAPI

Mti una sehemu mbili ambazo hatupaswi kuzichanganya. Mizizi ni ya gizani na unyevu. Shina ni la hewani. Gome la shina halikuumbwa kukaa limelowa mchana na usiku; likifunikwa hivyo linalainika, ukungu unaingia, na wadudu wanapata mlango. Nyuma ya gome ndimo inamopita njia ya chakula kutoka majani kwenda mizizi. Gome likiliwa pande zote, hata kwa upana wa kidole tu, mizizi inakosa chakula na mti unakufa polepole, huku mwenyewe akiendelea kuumwagilia maji. Na panya nao, wakati wa jua kali, hujificha ndani ya rundo na kutafuna gome.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na ukisahau mengine yote ukumbuke hii moja: acha nafasi ya shubiri moja kati ya shina na matandazo, kuzunguka pande zote. Shubiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umekunjuliwa. Mti mkubwa uachie shubiri mbili. Ukiangalia kutoka juu, matandazo yawe kama chapati yenye tundu katikati. Yasiwe kama mlima.

KWA NINI TUFUNIKE

Baada ya hasara ile ningeweza kuacha kabisa, kama wengine walivyoacha. Mzee aliniambia kwamba nyasi hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa mahali nilipoziweka. Alinipeleka shambani kwake saa saba mchana, mwezi wa saba, akaniambia niweke kiganja juu ya udongo wa njiani. Ulikuwa wa moto, mkono haukai. Kisha akaniambia niingize mkono chini ya matandazo ya matoke. Chini palikuwa baridi na maji maji, na ilikuwa wiki nyingi hakujanyesha.

Jua na upepo vinanyonya maji kutoka udongo ulio wazi. Kitu kinachofunika kinazuia mvuke huo kutoka. Tena mvua yetu ikinyesha inanyesha kwa nguvu; tone linapopiga udongo mtupu linauvunja, vumbi laini linaziba matundu, na maji yanakimbia kwenye mteremko badala ya kuingia chini. Mmeona wenyewe mifereji iliyochimbwa na mvua kati ya nyumba zetu. Penye nyasi tone linaangukia nyasi kwanza, halafu linashuka taratibu. Magugu nayo yanakosa mwanga, yanapungua. Na matandazo yakioza yanakuwa chakula cha nyungunyungu na viumbe wengine wadogo, ambao wanachimba vijitundu na kuurudishia udongo rutuba. Mizizi midogo ya mti, ile inayonyonya chakula, haiko chini sana kama wengi wanavyodhani. Mingi iko karibu na juu, ndani ya sentimita 30 za kwanza. Udongo wa juu ukichomwa na jua, meza ya mti imechomwa.

Katika Luka sura ya 13 kuna mfanyakazi aliyeuombea mti usiozaa muda wa mwaka mmoja zaidi. Sitahubiri hapa. Nimemtaja kwa sababu kazi yote aliyoahidi ilikuwa ya udongo, hakugusa matawi.

NENO KWA AKINA MAMA, NA KWA WANAUME WANAOWASEMA

Sasa tufike penye ugumu. Kila asubuhi katika makazi yetu utasikia fagio. Uwanja unafagiwa mpaka unang'aa, majani yanakusanywa pembeni, yanachomwa moto. Tumelelewa hivyo, na mwanamke ambaye uwanja wake una majani anasemwa kuwa mvivu. Nyumba ya udongo iliyoezekwa turubai inaweza kuwa ya kimasikini, lakini uwanja uliofagiwa unasema kwamba hapa wanaishi watu wenye heshima. Siidharau heshima hiyo. Tulipofika hapa bila kitu, fagio lilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza mke wangu alivyotengeneza.

Lakini angalieni chini ya mwembe uliofagiwa miaka kumi. Mizizi imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee, udongo umeshuka, watoto wanajikwaa. Udongo ule uliondoka kidogo kidogo, kila asubuhi, pamoja na fagio. Na majani tuliyoyachoma yalikuwa mbolea ambayo mti ulijitengenezea wenyewe. Tunachoma chakula, halafu tunauliza kwa nini maembe ni madogo.

Nilipomwambia mke wangu aache kufagia chini ya mti, hatukuelewana siku mbili. Alisema, "Baba watoto, wewe unakaa ofisini kwa kanisa, mimi ndiye nitakayesemwa." Alikuwa na haki. Aliongeza habari ya nyoka, na hapo pia alikuwa na haki. Suluhisho alilileta yeye mwenyewe: alikusanya mawe, akayapanga duara kuzunguka mti, akafagia nje ya duara vizuri kuliko zamani, na majani aliyofagia akayamwaga ndani. Mawe yale yanamwambia kila mpita njia kwamba majani haya yamewekwa, hayakusahaulika. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsema, na wamama watatu wa jirani wamepanga mawe yao. Wanaume, kabla ya kumwamuru mkeo abadilishe uwanja, nenda wewe ukalete mawe.

Juu ya nyoka: usiweke matandazo mazito yakagusa ukuta wa nyumba, wala mahali watoto wanapocheza. Acha njia iliyofagiwa kati ya nyumba na duara. Unapoyageuza tumia jembe au fimbo, usiingize mkono. Na moto ni hatari zaidi ya nyoka. Nyasi kavu karibu na mafiga, na turubai juu, ni msiba unaosubiri upepo. Weka mbali na jiko, wala usimwage majivu ambayo bado yana kaa la moto.

NAMNA YA KUFANYA

Ngoja mvua. Hili wengi hawalijui. Ukifunika udongo uliokwisha kukauka, umefungia ukame ndani, na mvua ndogo ya kwanza itaishia kwenye nyasi bila kufika chini. Wakati mzuri ni katikati au mwisho wa mvua, udongo ukiwa umelowa sawasawa. Kama mvua imekupita, mwagia kwanza mabido mawili matatu ya maji kwa mti mdogo, kisha ndiyo ufunike.

Palilia magugu kwa mkono au kwa jembe la juu juu. Usichimbe kwa nguvu, utakata ile mizizi midogo. Kwa mche wa mwaka wa kwanza duara la hatua moja kutoka shina linatosha. Mti mkubwa upelekee mpaka mahali matawi yanapoishia. Hapa tuko karibu na ikweta, kwa hiyo kivuli cha saa sita mchana kitakuonyesha karibu mahali penyewe. Unene uwe kati ya sentimita 5 na 10, yaani karibu upana wa kiganja bila kidole gumba. Zaidi ya hapo hewa inapungua chini, na mizizi inaanza kupanda juu kuitafuta ndani ya nyasi. Nyasi zikiisha, mizizi inabaki uchi. Kwa duara la mita moja kila upande utahitaji kama magunia mawili ya nyasi yaliyojaa. Yatashuka na kuoza, ndiyo kazi yake, kwa hiyo uongeze kabla ya kila kiangazi.

Watu wananiuliza, nyasi tutazitoa wapi, na ng'ombe na mbuzi wanazigombania? Ni kweli. Viwanja vyetu ni vidogo, wengine mita 30 kwa 30, wengine chini ya hapo, na kwenda kukata kwenye shamba la mtu ni kutafuta ugomvi. Anza na unachokitupa: mabua ya mahindi yaliyokatwa vipande, maganda ya maharage, majani ya migomba, majani ya mti wenyewe, magugu yaliyong'olewa kabla hayajatoa mbegu. Magugu yenye mbegu ni kupanda adui. Maseremala wana maranda na vumbi la mbao. Hayo weka kidogo, juu tu, usiyachanganye na udongo, kwa maana yakichanganywa yanakula nitrojeni ya udongo wakati yanaoza na mti unakuwa wa njano. Migomba iliyougua mnyauko, ugonjwa huu ulioonekana Uganda mwaka 2001, usiitumie kabisa. Wala kavera na matambara si matandazo, hata kama yanafunika.

Kama mbuzi wanakusumbua, weka matawi ya miiba juu. Mimi siwezi kuwasema vibaya sana mbuzi, mnajua kwa nini.

Miti haifanani. Avoka inapenda matandazo kuliko yote, maana mizizi yake iko juu sana, lakini haitaki maji yasimame. Papai ni dhaifu zaidi kwenye shina. Maji yakituama hapo linaoza kwa siku chache, kwa hiyo liinulie udongo kidogo, na matandazo yakae mbali. Mwembe ukiwa mdogo unahitaji msaada, ukikua unajitegemea, ila usiunyang'anye majani yake. Mgomba si mti, ila sote tunao: usogezee matandazo mbali na kitako chake, hatua moja hivi, kwa sababu fukusi wa migomba wanapenda kujificha na kutaga kwenye unyevu wa kitako kile.

Mchwa ndilo swali ninaloulizwa kila wiki. Mchwa wanapenda kitu kikavu na giza. Watakula matandazo, huwezi kuwazuia, na heri wale nyasi kuliko mti. Hatari ni pale wanapopata njia ya kupanda shina bila kuonekana. Ile nafasi ya shubiri ndiyo mlinzi. Kila Jumamosi pita na kijiti, ukiona njia yao ya udongo kwenye gome ivunje. Mche wenye maji ya kutosha hauwavutii kama mche wenye kiu. Wengine wanaweka majivu kuzunguka. Kidogo hakudhuru, lakini usimwage ya kila siku mahali pamoja, udongo unaharibika.

"LAKINI SISI NI WA KUONDOKA"

Neno hili nimelisikia mara nyingi kuliko swali la mchwa. Ardhi hii si yetu, tumepewa kuitumia, hatuwezi kuiuza. Kwa nini nihangaike na mti wa miaka minne mitano, wakati kesi yangu ya Marekani imefika mbali? Ndugu mmoja aliniambia hivyo mwaka 2019, nami sikuwa na jibu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokwisha kugawa masufuria yao zikabaki hapa. Ndugu yule ni mmoja wao. Sisemi hivi kumcheka, maana kupanga safari si kosa. Nasema tu kwamba avoka ambayo angeipanda siku ile ingekuwa imeshazaa, na tangu posho ilipoanza kugawanywa kwa makundi mwaka 2023, avoka ishirini kwenye meza ya sokoni si kitu kidogo kwa nyumba yake.

Na walioondoka? Pale nyuma ya kanisa kuna mwembe wa familia iliyosafiri zamani. Tunakula maembe yake kila msimu, na hakuna aliyekuwa akiutunza. Mizizi ilikuwa nje, matawi ya upande mmoja yamekauka. Mwaka jana vijana waliuzungushia mawe, wakarudisha udongo kiasi cha kuziba mashimo bila kufukia shina, wakaweka mabua. Matawi yaliyokufa hayakufufuka. Upande mwingine umetoa majani mapya.

Uwanja wa kanisa una miche kumi na miwili ambayo bado haijafunikwa. Mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha siku mbili, Jumamosi inayofuata tukutane hapo saa moja asubuhi. Vijana walete mawe, kila nyumba ilete gunia moja la kile ilichotaka kuchoma, na mwenye jembe fupi asilisahau. Watoto tutawapa kazi ya kupima shubiri, lakini kwa mikono ya watu wazima.

Ni mimi mchungaji wenu.